Mtamba wa Mahari ya Aurore

Karantini, nje ya Pickering, Kanada
3 Machi 2025

Dada Libérata,

Ng'ombe wako alifika juzi mchana. Alishuka kwenye lori vizuri, hakuteleza, akaenda moja kwa moja kunywa maji kama mwenyeji. Wenzangu walicheka nilipowaambia kwamba huyu mmoja katika kundi zima ni wa dada yangu, na anakwenda Kasulu kumtolea mwanao Landry mahari. Walidhani natania. Mmoja akaniuliza kama na bibi harusi tutampakia kwenye kizimba. Nikacheka nao, ningefanyaje.

Sasa tuache mzaha. Nakuandikia kwa sababu kazini simu tunaziacha getini, na nikitoka mimi wewe unaingia zamu ya kuwatunza wazee wako. Dada, huyu mtamba ni mzito kuliko ulivyosema. Ulimwambia yule binti wa ofisini kwamba ana mimba ya miezi saba. Mimi namwangalia kila asubuhi nikimmwagia maranda ya kulalia. Kiwele kimeanza kujaa, na nyama za kuzunguka mkia zimelegea. Daktari wa kampuni alimpima, akasema mimba ipo na ndama yu hai, akauliza alipandishwa lini, akapewa tarehe uliyoitoa wewe. Akaridhika. Ana wengi wa kupima na siku ni fupi.

Mnyama aliyekaribia kuzaa hasafirishwi. Sheria ya hapa inakataza, na hata isingekataza, wewe hujaona mle ndani ya ndege. Wanasimama wanne wanne kwenye kizimba cha mbao, bega kwa bega. Hakuna nafasi ya kulala ubavu. Akishikwa na uchungu kule juu, mimi msindikizaji nitakuwa nimesimama upande wa pili wa mbao nikimtazama tu. Nimelipwa kuwatunza, nami nataka kuwatunza kweli.

Nieleze ukweli. Ukiniambia leo, leo hii namtoa kundini, anazalia hapa kwenye majani makavu, anaondoka na kundi la Septemba yeye na ndama wake wakiwa na nguvu. Mahari haiozi.

Mdogo wako,
Bernard


Thorncliffe Park
5 Machi 2025

Mdogo wangu Bernard,

Nimeisoma barua yako ndani ya lifti, lifti ikakwama kama kawaida yake, nikaisoma tena. Hee! Tangu lini umekuwa mkunga? Kuoa kumekushinda, leo unanifundisha mimi mambo ya mimba?

Nimesema miezi saba na ni saba. Mzee wa shamba aliniambia kwa mdomo wake tukiwa zizini, mimi na viatu vyangu vya kanisani, matope hadi vifundoni. Na si wewe uliyenieleza kwamba mtamba wa mimba ya kwanza huwahi kujaza kiwele? Basi umejijibu. Kama hilo halitoshi, naapa kwa kaburi la mama tuliloliacha kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Umeridhika sasa?

Septemba haiwezekani, Bernard. Harusi ni Julai. Unataka mwanangu asimame madhabahuni huku mahari yake inatafuna majani Pickering? Unawaona watu wetu hapa Toronto, wanatuma hela kwa simu halafu wanasema wametoa ng'ombe. Ng'ombe gani hao wasiolia? Mimi nimewaogesha wazee wa watu miaka yote hii, mgongo umekwisha, Landry hana baba. Nataka jambo moja tu lifanyike kama alivyolifanya baba yetu. Usiniharibie.

Jina lake ni Shukrani. Mwite hivyo, atakuitikia.

Halafu zile sauti zako unazonirekodia kwenye simu, koma. Ile ya wiki jana niliisikiliza nikiwa na Mama Iteka wa kwaya yetu pembeni, na kabla sijafika nyumbani kwaya nzima ilikuwa inaijua. Mambo ya ukweni tuandikiane kwenye karatasi, tuipige picha tutumiane.

Dada yako,
Libérata


Thorncliffe Park
6 Machi 2025

Mheshimiwa mkwe wangu, Baba Aurore,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako Kasulu. Mwalimu kama wewe utanisamehe mwandiko wa mama aliyeishia darasa la saba. Nakuandikia mimi mwanamke kwa sababu Landry hana baba, na mjomba wake Bernard ni mtu wa wanyama, maneno ya ukweni hayawezi.

Binti yako hajambo. Tangu aje kusoma huku na kukaa kwa shangazi yake North York, kila Jumapili baada ya ibada anapita kwangu, ananisaidia kukatakata mboga, wala haoni haya kula na kuongeza. Nimeshamhesabu kuwa wangu.

Sasa nikupe habari njema. Ng'ombe yuko njiani. Nimemchagua mwenyewe, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, mzito kuliko wote. Mzee wa shamba alitaka kunibadilishia, eti chukua mwepesi, huyu amebakiza wiki chache tu. Nikamwambia huyo huyo ndiye ninayemtafuta! Wewe unajua kwetu ng'ombe wa mahari haingii ukweni peke yake. Anaingia na tumbo lake, anazalia mikononi mwa baba wa binti, na majirani wanakunywa maziwa ya kwanza. Nisingeweza kukuletea mtamba mtupu kama mtu anayelipa faini. Kampuni hii ina taratibu nyingi za kizungu, nimezimaliza kwa namna yangu.

Atafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Waite wazee.

Mkweo,
Mama Landry


Dar es Salaam
22 Machi 2025

Dada,

Tumetua jana. Ndege ilikaa chini muda mrefu pale tulipotua kuongeza mafuta, milango imefungwa, joto limepanda mpaka mbao zikawa zinatoa jasho. Nilipita na ndoo kutoka kizimba hadi kizimba. Mitamba wawili walianguka, tukawainua. Wako hakuanguka. Alisimama njia nzima miguu imetanuka, kichwa chini, hakugusa majani, na kila ndege ilipotikisika alikuwa anatoa mlio mfupi kama mtu anayejikaza mbele za watu.

Leo asubuhi chuchu zake zinadondosha maziwa. Huyu si wa miezi saba, dada, anakaribia tisa, na hakuwa na miezi saba hata siku ile uliyoapa. Sitaki kuongea habari za kaburi la mama sasa hivi, maana nitaandika kitu nitakachojutia. Ningeweza kumtoa kundini nikiwa Pickering, lakini nikakuamini wewe kuliko macho yangu.

Kwa hiyo nisikilize. Kundi lote linabaki kwa Bi Kanizfatema, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kibaha aliyeliagiza. Nimemweleza habari za Shukrani, naye amekubali akae pale azae, apumzike, hata mwezi mzima. Ana banda safi na kijana anayejua kuzalisha. Hataki malipo yoyote. Anachotakiwa kufanyiwa huyu ng'ombe ni kitu kimoja: asipande lori. Kutoka hapa hadi Kasulu ni siku mbili za barabara, jua kali, na lori lile halina hata nyasi chini.

Lori umelikodi wewe na dereva anakusikiliza wewe, mimi ameniambia hanijui. Mpigie leo. Kesho narudi Toronto na wenzangu, tiketi ni ya kampuni, siwezi kubaki.

Bernard


Thorncliffe Park
22 Machi 2025

Mdogo wangu,

Pole na safari. Nimekuelewa, huna haja ya kupiga kelele. Nimeshampigia dereva na tumeelewana.

Rudi salama. Usisahau korosho zangu.

Libérata


Kasulu
31 Machi 2025

Mama Landry, mkwe wangu,

Salamu kutoka kwetu sote.

Ng'ombe alifika Jumamosi saa za mchana, wageni wakiwa wameshakaa. Tulimpokea. Wazee walisimama kama inavyopasa, na maneno yaliyotakiwa kusemwa yalisemwa. Mahari imepokelewa. Mbele ya watu wetu Aurore ni mke wa Landry, na hakuna atakayelirudisha neno hilo nyuma.

Naomba unipe anwani ya ndugu yako Bernard. Nina jambo la kumwandikia.

Wako,
Tharcisse


Thorncliffe Park
2 Aprili 2025

Mkwe wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta! Mungu ni mwema.

Lakini mbona umeninyima utamu? Ndama ni jike au dume? Ana baka la mama yake? Kwaya inaniuliza na mimi nimekaa kama sina mdomo. Mama Iteka naye amepata moto, na mwanawe anaoa mwakani, na wapo wengine wawili. Wote wameniomba niwapeleke kwa yule mzee wa shamba. Nimewaambia wachague walio wazito kama wangu, wasikubali kudanganywa na mtamba mwembamba.

Bernard usijisumbue naye, ana shughuli nyingi. Shukrani zako nitamfikishia.

Mama Landry


Kasulu
8 Aprili 2025

Mwanangu Bernard,

Hatujaonana, lakini kwa kuwa wewe ni mjomba wa Landry nakuita mwanangu. Anwani yako nimeipata kwa Aurore, maana Mama Landry aliniandikia kwamba una shughuli nyingi. Ninaambiwa wewe ndiwe uliyemsindikiza ng'ombe. Nataka kukueleza alivyofika, halafu nikuulize swali moja.

Lori liliingia uani watoto wakiimba. Dereva alishuka upesi, hakunitazama usoni. Nilipanda mwenyewe nyuma. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwa kamba fupi shingoni, kichwa kimeelekezwa mbele kwa dereva, na sakafu ni chuma kitupu. Alikuwa amezaa njiani. Dereva anasema walipokwisha kupita Tabora alisikia kishindo na mlio, akaona ni kawaida ya ng'ombe. Ndama alikuwa nyuma ya miguu ya mama yake, jike, mkubwa, ametimia kila kiungo. Utando ulikuwa bado umemziba pua. Palihitajika mkono wa mtu mmoja tu wa kuufuta, au ulimi wa mama yake. Mama yake hakuweza kugeuka. Alijaribu, Bernard. Kamba ilikuwa imeichuna shingo yake hadi nyama ikaonekana. Na nyuma, kizazi chote kilikuwa kimetoka nje, kimejaa vumbi na kimekanyagwa.

Tulimshusha kwa ubao, akalala. Nilimwita daktari wa mifugo, akaja haraka, akamtazama, akatikisa kichwa. Tukammaliza nyuma ya nyumba wakati mbele wageni wanakula. Wazee watatu tu ndio wanaojua. Nyama yake hatukuila, tulichimba shimo tukawazika pamoja. Kisha nikanawa, nikavaa koti, nikaenda kuyasema yale maneno ya kupokea mahari, kwa sababu binti yangu hana kosa na kijana hana kosa.

Nimefundisha shule miaka mingi na nimezoea kusubiri mtu ajieleze. Dereva anasema alipokuwa Dar alipigiwa simu kutoka Kanada, akaambiwa ampakie ng'ombe kama alivyo, asilale njiani, afike Jumamosi lazima. Swali langu ni hili. Ile simu ilikuwa yako?

Tharcisse


Pickering
13 Aprili 2025

Libérata,

Nakutumia hapa barua ya Baba Aurore. Isome yote. Ukifika kwenye shingo usiruke.

Nilikuwa nakula kwako korosho nilizokuletea, nikijua Shukrani yuko Kibaha. Nilishamwandikia Bi Kanizfatema kumuuliza ndama anaendeleaje, naye hakujibu, nikadhani ana kazi. Kumbe alikuwa anaona aibu kunijibu. Lori lilipita kumchukua siku chache tu baada ya mimi kuondoka.

Mimi nimemjibu mkweo sentensi moja, kwamba simu haikuwa yangu. Sikumwambia ilikuwa ya nani. Hilo utalisema mwenyewe. Utamwambia na Mama Iteka na wale wengine wawili kabla hawajaenda kwa yule mzee kuchagua walio wazito. Kumbuka ng'ombe wanavyobanwa wanne kwenye kizimba, dada. Wanawake hao hawajui, wanakufuata wewe.

Kesho naingia ofisini kuwaeleza kwamba tarehe ilikuwa ya uongo na kwamba nilimpakia huku nina wasiwasi. Wataniuliza kwa nini. Nitawaambia niliapiwa.

Bernard


Thorncliffe Park
13 Aprili 2025

Bernard,

Nimeisoma. Nimelia hadi nikaomba ruhusa kazini. Usidhani nina moyo wa jiwe. Nilikaa chooni na ile barua, nikaiweka chini, nikaiokota.

Lakini tuongee kama watu wazima. Kwanza nilijua angefika. Ng'ombe wangapi wanazaa wenyewe porini, nani huwafuta pua? Pili, wazee walishaitwa. Ungetaka nimwambie mkwe, samahani, kaeni na wageni wenu, ng'ombe yuko Kibaha anapumzika kama mwenye likizo? Tungechekwa Kasulu, tungechekwa na hapa. Tatu, na hili ulisikie: aliyekufa ni ng'ombe. Inauma, lakini ni ng'ombe. Anayeoa ni mwanangu.

Nakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni tukivuka kutoka Burundi kuingia Tanzania. Usiende ofisini. Na Baba Aurore tutamwambia kwamba wewe ulikosea hesabu ya mimba na ndiwe uliyempigia dereva. Wewe huna mke, huna ukwe wa kulinda, jina lako likichafuka kidogo litasafishika. Langu likichafuka sasa, Landry ataingiaje ukweni? Harusi ikipita nitayatengeneza mwenyewe, nakuahidi.

Nijibu upesi.

Libérata


Thorncliffe Park
16 Aprili 2025

Mheshimiwa mkwe wangu,

Sina uso wa kukuandikia. Nimepata habari kwa Bernard, na ndipo nikaelewa kwa nini hukunijibu kuhusu ndama. Pole sana, na asante kwa kutufunika mbele ya wageni.

Ndugu yangu ni mtu mwema lakini ana haraka. Alikosea hesabu ya mimba, na kule Dar aliogopa kumchelewesha ng'ombe asije akalaumiwa na kampuni, ndipo akamsukuma dereva. Nimemkaripia sana. Naomba umsamehe kwa ajili yangu.

Mama Landry


Scarborough
4 Agosti 2025

Dada,

Picha za harusi nimeziona kwenye simu ya mtu. Gauni lilikupendeza. Landry alinialika mwenyewe, nikamwambia nina zamu. Sikuwa na zamu yoyote.

Kampuni walinisikiliza vizuri sana, wakanipa na kahawa. Wiki iliyofuata wakaniachisha, kwa sababu msindikizaji aliyeona dalili ndiye aliyepaswa kumzuia mnyama. Siwezi kusema wamekosea. Sasa nafunga maboksi kwenye ghala. Maboksi hayalii. Nimesikia siku hizi hawaulizi tena tarehe, kila mtamba anapimwa tumbo kwa mashine, na aliyezidi miezi anabaki. Ingekuwa vizuri kuliona hilo kwa macho yangu.

Mama Iteka nilimfuata nyumbani nikamweleza yote. Alikasirika, akasema nina wivu na dada yangu. Lakini mtamba aliyempeleka alikuwa mtupu. Kwaya walimcheka, nadhani ulicheka nao. Yule mtamba alifika, nimeona picha yake amesimama anakula.

Baba Aurore ameniandikia kwamba amenisamehe. Nimeikunja barua hiyo. Sikumjibu, na sijui nitakaa hivi mpaka lini. Ulisema harusi ikipita utayatengeneza. Imepita.

Bernard


Kasulu
20 Januari 2026

Mama Landry,

Tumepokea kwa furaha habari ya mimba ya Aurore. Wanasema Aprili. Mama yake amefunga safari mbili kanisani kushukuru.

Nimekawia kukuandikia haya kwa makusudi. Nilisubiri harusi ipite, kisha nikasubiri nikitumaini utaandika mwenyewe. Nilimwandikia Bernard kwamba nimemsamehe, ili nione atajitetea namna gani. Hakujitetea. Kwa hiyo nikamtafuta tena dereva, nikaketi naye. Ananiambia sauti ya simu ilikuwa ya mwanamke, na ilimwita "baba" kwa heshima. Nami sikuhitaji hata hilo. Uliniandikia wewe mwenyewe kwamba uliambiwa amebakiza wiki chache.

Desturi unayoitaja naijua. Nilikuwa mtoto Burundi ng'ombe mzito alipopelekwa kwa wakwe wa kaka yangu. Alitoka kilima kimoja asubuhi, mchana akafika kilima cha pili. Nyuma yake alitembea mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kila ng'ombe aliposimama. Walifika wamechelewa na hakuna aliyeuliza. Wewe uliibeba desturi ukamwacha yule mtu wa nyuma. Na alikuwepo. Alikuandikia na kukusihi, ukampita, kisha ukamtwika mzigo wako.

Sasa neno langu. Kwetu mama mkwe ndiye anayemhudumia mzazi, anamkanda, anampikia, anakaa naye mpaka arobaini. Hiyo ni haki yako na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Ninakuomba uiache. Aurore atajifungulia kwa shangazi yake North York na atakaa huko. Siogopi kwamba utamtakia mabaya, najua unampenda. Naogopa siku atakayosema amechoka, au anaumwa, na wewe una wageni.

Nimemweleza Landry kila kitu, pamoja na habari za mjomba wake. Amekubali.

Tharcisse


Thorncliffe Park
9 Februari 2026

Bernard, mdogo wangu,

Najua huniandikii. Soma tu.

Landry anakuja Jumapili, anakaa ukingoni mwa kochi na koti lake mwilini, anauliza kama nimekula, anaondoka. Aurore sijamwona tangu Krismasi. Mama Iteka ananiuliza nimeandaa nini kwa mjukuu, namwambia nimeandaa kila kitu. Na kweli nimeandaa. Nimenunua khanga, beseni, unga wa uji wa mzazi, nimeomba likizo ya mwezi mzima kazini, wamenipa. Nitawaambia nini wale? Nikae nyumbani mwezi mzima nikitazama beseni?

Nimemwandikia mkwe nikakiri yote. Hajabadili neno. Nimekosa, Bernard. Nilimwona yule ng'ombe zizini akihema na nikafurahi, nikaona namna watakavyosimama wazee. Sikuona kingine.

Wewe ulizoea kuwasemea wasio na mdomo. Nisemee na mimi. Wanakusikiliza wewe sasa. Nitakaa kimya kabisa, nitaosha nepi tu, nitalala sakafuni. Waambie.

Dada yako


Scarborough
18 Aprili 2026

Dada Libérata,

Nilikusemea. Nilikwenda North York mara mbili, na mara ya pili nilibeba ule unga wako wa uji. Shangazi yake Aurore aliupokea mlangoni akashukuru. Nilimwambia Landry kwamba ulinibeba mgongoni tukivuka, kwamba umekiri, kwamba mama ni mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza tu kama nami ningekuachia mnyama tena. Nilitaka kusema ndiyo. Nilichelewa kidogo kujibu, naye akaona.

Aurore alijifungua Jumanne. Ni msichana. Alichukua muda mrefu, madaktari wakasubiri naye, hawakumharakisha. Leo nimembeba, ana nywele nyingi na analia kwa sauti kubwa.

Nilimwambia Landry kwamba si haki usikie haya kwa Mama Iteka, akaniruhusu nikuandikie. Akasema nikuambie kwamba wote wawili ni wazima, na kwamba usije.

Bernard